Yupo, yuko au yumo? Mwongozo kamili wa kubuni miungu wa ulimwengu wa hadithi

Watunzi wengi wa fantasia huanza na orodha. Mungu wa moto, mungu wa bahari, mungu wa vita, kila mmoja kapewa silaha yake, rangi yake na mnyama wake. Nami nilianza hivyo hivyo. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na miungu 14, na nilipomaliza sura ya tano nikaona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyemzuia mhusika wangu kufanya jambo lolote. Alikula, akasafiri, akaoa, akamzika mama yake, na miungu wote 14 wakabaki daftarini. Tangu hapo nimebadili njia, na njia hiyo ndiyo ninayoieleza hapa, hatua kwa hatua. Chukua kalamu, maana kila hatua ina kazi ya kuandika.

Kwanza niseme jambo moja kwa wasomaji wenye dini, nami ni mmoja wao. Kuna watakaokuuliza kama kubuni miungu si kufuru. Mimi naona mtunzi anasimulia watu wa kubuni wanavyoamini, kama bibi zetu walivyosimulia mazimwi na majini bila kuwaabudu. Ila nimejiwekea mpaka: majina kama Mola, Mwenyezi na Rabuka siyapi miungu wa hadithini. Yana wenyewe, wanayaita kila alfajiri. Mpaka huo umenisaidia hata katika sanaa, kwa sababu umenilazimisha kutafuta majina mapya.

Hatua ya 1: Tafuta kile ambacho watu wanakingoja

Acha kujiuliza mungu wako ana nguvu gani. Jiulize watu wa nchi yako wanangoja nini, na kisipokuja watakufa kwa njia gani.

Tazama Wamaasai. Enkai, Mungu wao, ana sura mbili: Enkai Narok, mweusi, mwema, na Enkai Nanyokie, mwekundu, mwenye ghadhabu. Mtunzi aliyezoea picha za sinema angempa mweusi ubaya. Lakini mfugaji anayetazama angani mwezi wa ukame anajua kwamba wingu jeusi ndilo lenye mvua, na mvua ndiyo majani, na majani ndiyo maziwa. Rangi imetoka malishoni. Kisha upande wa Ziwa Natron kuna Ol Doinyo Lengai, mlima ambao jina lake kwa Kimaa ni Mlima wa Mungu. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina yake, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Inatoka nyeusi kama matope, na ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Ukiishi chini ya mlima wa namna hiyo huhitaji mtu wa kukueleza kwamba mkubwa ana sura mbili.

Kwa mwongozo huu nimebuni mji wa mfano, tutembee nao hadi mwisho. Unaitwa Vumani. Bahari ya Vumani hupwa siku tisa mfululizo, watu wakatembea kwa miguu mahali palipokuwa na kina, wakiokota chaza na kuvuna chumvi. Usiku wa tisa maji hurudi yote kwa pamoja. Anayekutwa nje haonekani tena. Wanachongoja ni maji, na wanachoogopa ni maji yale yale.

Andika sentensi moja tu ya namna hiyo kuhusu nchi yako. Usiendelee kabla hujaipata.

Hatua ya 2: Amua upatanisho wa kisarufi

Hapa Kiswahili kinakupa zawadi ambayo watunzi wa lugha nyingi nyingine hawana. Neno "miungu" kwa umbo lake limekaa pamoja na miti, mito, milima, mioto na miezi, ilhali maana yake inalivuta kwa watu. Ndiyo maana utasikia "miungu imekasirika" na utasikia "miungu wamekasirika". Biblia tuliyoizoea ina "miungu mingine". Katika mwongozo huu mimi naandika "miungu wengine".

Katika hadithi, chaguo hilo ni imani nzima. Anayesema "miungu imekasirika" anaongea kama anayetazama mto uliofurika: huwezi kuuomba msamaha, unaweza tu kuhama. Anayesema "wamekasirika" ana habari za watu, yaani wenye wivu, wenye kumbukumbu, wanaoweza kubembelezwa. Nilipoanza kuandika Vumani niliwapa wavuna chumvi "imekasirika" na makuhani "wamekasirika", wala sikueleza popote. Wasomaji wa mwanzo walihisi pengo kati ya makundi hayo mawili kabla sijaandika ugomvi wowote.

Pitia maneno mengine ya ukoo huo uone yanavyobeba mzigo. Kati ya mzima na mzimu kuna irabu moja tu. Pepo ni viumbe wasioonekana, ni wingi wa upepo, na ndilo jina la mahali pema tunapotamani kwenda. Majini ni viumbe, na majini ni ndani ya maji. Mtoto akisema "nimemwona mtu wa majini", mama yake atasikia lipi? Utani huo wa lugha unaweza kubeba sura nzima, na ukiutafsiri unakufa, kwa hiyo utumie ukiwa hapa nyumbani.

Majina nayo. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa tusimtaje nyoka usiku, tuseme kamba. Kinachoogopwa hakiitwi kwa jina lake. Kwa hiyo mungu wa Vumani hana jina la kupachikwa. Anaitwa Mwenye Kujaa, na siku ya tisa hata hilo halitamkwi, anaitwa Mgeni. Mungu mwenye majina mawili yanayobadilika kwa saa anaaminika zaidi ya mwenye jina moja la herufi ngeni zilizojaa vistari.

Hatua ya 3: Yupo, yuko au yumo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ukiisoma hii peke yake mwongozo umekufaa.

Kiswahili kina namna tatu za kusema kwamba kitu kipo mahali. *Yupo*: mahali mahususi, naweza kukuonyesha. *Yuko*: mahali fulani, mbali au pasipojulikana vizuri. *Yumo*: ndani. Kila mungu aliyewahi kuaminiwa na binadamu anakaa katika mojawapo, au anahama kutoka moja hadi nyingine, na kuhama huko ndiyo historia ya dini yake.

Wanyarwanda wana msemo kwamba Imana hushinda kwingine lakini hurudi kulala Rwanda. Huyo ni mungu anayehama kila jioni kutoka *yuko* hadi *yupo*. Waakan wa Ghana husimulia kwamba zamani Nyame alikuwa karibu sana, mbingu ikiwa chini, hadi mwanamke mmoja mzee alipokuwa akitwanga akaigonga mbingu kwa mchi mara kwa mara. Nyame akajiondokea juu. Alikuwa *yupo*, akawa *yuko*, na aliyemfukuza hakuwa mwovu, alikuwa anapika. Nakiri hadithi hiyo huniumiza kila ninapoikumbuka. Umbali wa mungu umeletwa na kazi ya kila siku ya mama.

*Yumo* ndiyo njia ya mafumbo, nitaifikia.

Vumani kuna makundi matatu. Wenye Nyumba wanasema yupo: Mwenye Kujaa amelala katika kisima chini ya hekalu, na siku tisa za kupwa ni usingizi wake. Wasafiri wanasema yuko: ameondoka, anazunguka nchi nyingine, na usiku wa tisa ni kurudi kwake. Wazamao wanasema yumo: onja jasho lako, onja machozi, ile chumvi imetoka wapi? Mungu ni yule yule, bahari ni ile ile, na ndugu wa tumbo moja hawazikani.

Kazi yako: andika dua fupi tatu za kumwombea mgonjwa, moja kwa kila kiambishi. Wa *yupo* atampeleka mgonjwa mahali. Wa *yuko* atatuma mjumbe au moshi. Wa *yumo* atakaa kimya kando ya kitanda, na huenda akamwekea mgonjwa mkono kifuani. Ukiona dua zote tatu zinafanana, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 4: Andika miiko kabla ya miujiza

Muujiza hutokea mara moja. Mwiko hutokea kila siku, jikoni, njiani, kitandani, na hadithi huishi humo.

Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda katika pwani ya Kenya ni somo zuri. Mwaka 2008 baadhi ya misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mti haukatwi ovyo, njia hazifuatwi kiholela, wazee ndio wenye kauli. Matokeo yake ukipita pwani unaona shamba, shamba, nyumba, halafu ghafla msitu mnene wa miti ambayo kwingine imeshatoweka. Mwiko umeandika ramani. Jiulize miiko ya nchi yako imeacha alama gani ambayo mgeni angeiona akiwa njiani, hata kama hajui lugha ya wenyeji.

Vumani nilianza na miiko mitatu. Siku hazihesabiwi kwa sauti. Kila nyumba ina uzi wenye mafundo tisa na mtu hufungua fundo bila kusema neno. Usiku wa tisa mlango haufungwi kwa komeo, kwa sababu Mgeni hafungiwi. Na hakuna anayesema "maji yamechelewa". Kutokana na mwiko wa kwanza Vumani hakuna nyimbo za kuhesabu, watoto hujifunza hesabu kwa vidole vya mwenzao, na wafanyabiashara wa nje huwadhani wajinga. Sikuyapanga hayo yote. Yalijileta yenyewe baada ya kuuchukua mwiko kwa uzito.

Kila mwiko uupe mtu mmoja anayeumizwa nao bila kosa. Mwenye kigugumizi. Mjane anayelala peke yake mlango wazi.

Hatua ya 5: Sadaka inaliwa na nani?

Swali fupi, majibu yake marefu. Wagiriki wa kale walichoma mifupa na mafuta kwa ajili ya miungu, na nyama wakala wao. Wakawa na kisa kizima cha Prometheus kumhadaa Zeus ili kueleza kwa nini mgao uko hivyo. Katika mahekalu ya Misri chakula kiliwekwa mbele ya sanamu kila siku, kisha kikaondolewa na kuliwa na makuhani. Hekalu la Ise nchini Japani hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa 2013, na hivyo kila kizazi cha maseremala kinafundishwa na kilichotangulia. Sadaka ni uchumi. Nani anafuga, nani anachinja, nani analala na njaa siku ya sikukuu? Jibu kwa ukurasa mmoja kisha songa mbele.

Hatua ya 6: Kiti, nabii na walii

Watunzi wengi huwa na "kuhani" mmoja anayefanya kila kitu. Tenganisha kazi.

Kiti ni mtu anayepandwa. Zanzibar na pwani nzima neno ni hilo hilo: pepo hupanda, na mtu ndiye kiti chake. Tazama jinsi pepo wa huko walivyo na makabila na dini zao. Ruhani ni Waislamu, wanataka usafi, marashi na udi. Wa kibuki asili yao Bukini, yaani Madagaska, ni Wakristo, na hudai brandi, hata kama kiti chake ni mwanamke Mwislamu ambaye maishani mwake hajaonja kileo. Kila kundi lina ngoma yake, mavazi yake, lugha yake. Ndani ya mwili mmoja kuna historia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Ukitaka viumbe wa kiroho wenye uhai, wape kwao, wape lafudhi, wape chakula wanachokikataa. Na mpe kiti maisha ya kawaida asubuhi inayofuata, na viungo vinavyouma.

Nabii ni mtu anayeleta neno kwa wengi. Yeye nitamweka katika hatua ya 7.

Walii ndiye mwenye kujua kwa kuonja. Huyu ndiye moyo wa mafumbo, naye huandikwa vibaya kuliko wote, mara nyingi kama mzee mwenye ndevu anayesema vitendawili. Njia ya kweli ya mafumbo ina nidhamu. Masufi wa pwani yetu, wa Kadiria na tarika nyingine, wana silsila, yaani mnyororo wa walimu kutoka mmoja hadi mwingine. Wana uradi wa kila siku. Wana dhikri ambamo ulimi, pumzi na mwili hufanya kazi pamoja. Wana tofauti kati ya dhahiri, yaani ya nje, na batini, yaani ya ndani. Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, alieneza Kadiria kati ya watu wa mwambao kwa njia ambayo mtu asiyejua kusoma naye aliweza kushiriki. Hilo lina uzito wa kijamii: mlango wa batini ulifunguka kwa waliofungiwa mlango wa kitabu.

Kwa hiyo unapobuni walii, andika mambo manne: alifundishwa na nani, anafanya nini kila siku na mwili wake, amepoteza nini kwa ajili ya njia hiyo, na nani mwenye mamlaka anamwogopa. La nne usilisahau. Al-Hallaj, sufi, aliuawa Baghdad mwaka 922, na kauli inayokumbukwa kwa jina lake ni "Mimi ndiye Haki", na Haki ni jina mojawapo la Mungu. Penye *yumo* iliyosemwa kwa sauti, wenye *yupo* hupoteza funguo za hekalu.

Wazamao wa Vumani hukaa kwenye bonde la bahari usiku wa nane, wakajifunza kupumua polepole huku wamefunika uso kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Wa kwanza kati yao aliwahi kukaa hadi usiku wa tisa. Alirudi. Hakusimulia alichokiona, ila tangu siku hiyo alikuwa akicheka kila mtu alipomwita kwa jina, kwa upole, kama anayeitwa na mtoto kwa jina la kaka yake.

Hatua ya 7: Siku ahadi inapoanguka

Mwaka 1904, Ngarambe, karibu na Rufiji, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo. Masimulizi yanasema alivutwa ndani ya maji, akatoka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu. Dawa yake ya maji, iliyoahidiwa kugeuza risasi kuwa maji, iliwaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba ya Wajerumani, na vita vya Maji Maji vikaanza mwaka 1905. Yeye alinyongwa mwezi Agosti mwaka huo huo. Risasi hazikugeuka maji. Vita viliendelea hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua umati.

Nauandika mfano huu kwa heshima, maana ni makaburi ya watu wetu. Mtunzi ajifunze hili: imani haikuwa upumbavu. Ilikuwa lugha ya kwanza ambayo watu waliotengana waliweza kuitumia kusema "sisi". Ahadi ilipoanguka, bado kulikuwa na maswali: je, maji yalikuwa na kasoro, au miiko ilivunjwa?

Mungu wako naye aangushwe hivyo mara moja katika historia ya nchi yako. Kisha andika maelezo matatu tofauti yanayotolewa na watu waliofiwa. Usiamue lipi ni sahihi. Hapo ndipo swali la kama miungu wako wapo kweli linapata joto, nawe mtunzi unaweza kukaa kimya hadi mwisho. Vumani, mwaka mmoja maji yalikuja usiku wa saba.

Hatua ya 8: Sarufi ya kauli ya mungu

Mungu akisema kama mwalimu mkuu, umempoteza. Jaribu kumnyima nyakati. Binadamu wana -li-, -na-, -ta-. Mpe mungu hu- peke yake. "Maji huja. Mlango huwa wazi. Mama hulia." Hakuna jana wala kesho, na msomaji husikia baridi bila kujua imetoka wapi. Walii anapokaribia kile kilele, naye aanze kupoteza nyakati kidogo kidogo: sentensi za mwanzo zenye -li-, za katikati zenye -ki-, za mwisho hu-. Anaporudi, rudisha -li- moja tu, ya jambo dogo: "Nilikuwa na kiu."

Punguza pia vivumishi. Maneno kama "ya ajabu" na "isiyoelezeka" yanamwambia msomaji kwamba mtunzi ameshindwa. Chumvi kwenye midomo inatosha.

Hatua ya 9: Jaribio

Andika tukio moja la nyumbani ambamo hakuna anayemtaja mungu. Mpe rafiki alisome, kisha umwulize watu hawa wanaabudu nini. Akijibu, au akikaribia, ulimwengu wako umesimama. La kwangu lilikuwa hili:

*Bi Time alifungua fundo la mwisho, akauweka uzi juu ya mtungi. Mjukuu wake alisimama mlangoni akitazama mchanga mweupe uliokwenda hadi usipoonekana.*

*"Bibi, mbona leo—"*

*Akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu, kikiwa bado na harufu ya samaki. Kisha akaliinua komeo, akalipeleka uani, akalifunika kwa kanga. Wakaketi wote wawili, miguu imeelekea nje.*